Upepo ni bure, mzigo unalipiwa

Mfanyabiashara aliyewahi kubishania kilo zilizozidi uwanja wa ndege ataielewa haraka kazi ya Sarah-Quita Offringa. Bingwa huyo wa kisiwa cha Aruba, jirani na Venezuela, ametwaa mataji zaidi ya 15 ya dunia katika mchezo wa ubao wa tanga. Mbao, milingoti ya vipande viwili, matanga makubwa na madogo: shehena hiyo huvuka bahari hadi Fuerteventura, visiwa vya Canary, katikati ya mwaka, kisha Sylt, Ujerumani, baridi ikianza. Anayeacha tanga dogo nyumbani, upepo ukavuma mkali, imekula kwake.

Aruba upepo hutoka mashariki karibu mwaka mzima. Hakuna kaskazi na kusi za kupokezana kama Mombasa au Unguja. Huko ndiko alikojifunza utotoni, na hata aliposoma chuo kikuu Uholanzi aliendelea kushindana.

Mashindanoni mambo ni mengine. Upepo ukigoma, wachezaji hushinda ufukweni, matanga tayari, macho kwenye bendera. Chumba na chakula hulipiwa vilevile.