Pikipiki ya mradi iliyochoka inaweza kumaliza mtaji wa maharage

KILA mwaka maharage yanapoanza kutoka shambani, kati ya Mei na Juni, wafanyabiashara wadogo wa hapa Pito na vijiji vya jirani huanza kuulizana swali lile lile. Ni pikipiki gani itanifikisha Muze, Kasanga na Laela na kunirudisha nyumbani salama, bila kuila faida yote njiani?

Wengi hawana fedha ya kununua mpya. Macho yao huangukia zile pikipiki ndefu zilizokwisha kutumika, zenye madigadi ya mbele iliyoinuliwa juu na tairi zenye meno, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa za mabwana shamba, misheni na miradi ya wafadhili. Yamaha DT, Honda XL, Yamaha AG na Suzuki TF ni majina ambayo mkulima wa Ufipa ameyajua tangu utoto. Zilitengenezwa ziende kwenye lami na nje ya lami. Yamaha ndiyo iliyoipa soko aina hii ilipotoa DT-1 ya cc 250 mwaka 1968, na wengine wakafuata.

Nianze kwa kusema jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Kwa watu wengi wanaoniuliza, jibu sahihi ni kutozinunua. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye kilomita 220 na ushei, ina lami. Ile ya kupitia Matai kwenda bandari ya Kasanga nayo ina lami. Mtu ambaye biashara yake ni kuchukua dagaa Kasanga na kuwauza Sumbawanga mjini anafanya vizuri zaidi kununua Boxer au TVS, ambayo vipuri vyake vipo hata kwenye duka la kijijini linalouza sabuni na chumvi. Pikipiki ndefu ina maana kwa yule anayetoka kwenye lami: anayeshuka Lyamba lya Mfipa kufuata mpunga wa Bonde la Rukwa, au anayezunguka vijiji vya Nkasi na Kalambo siku tatu nne mfululizo wakati mvua haijakatika vizuri. Huko gurudumu la mbele la inchi 21 hupita juu ya mawe na makorongo ambayo gurudumu la inchi 17 huzama ndani yake.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao. Nilipoanza kazi ya kufuatilia bei za mazao huku nikifanya biashara kidogo ya mchele, nilinunua pikipiki ya injini ya mipigo miwili, zile zinazochoma oili pamoja na petroli, iliyowahi kutumika kwenye mradi mmoja. Ilikuwa safi, imepakwa rangi, na kikopo chake cha oili kilikuwa kimejaa hadi shingoni. Nilijaza petroli mjini, nikapita Ntendo, nikaanza kushuka kwenda Muze nikiwa na fedha ya watu wawili mfukoni. Kabla ya nusu ya mteremko gurudumu la nyuma lilifunga ghafla. Nilianguka upande wa mlima, namshukuru Mungu, kwa sababu upande wa pili ni genge.

Fundi alipofungua silinda tulikuta pistoni imekwaruzika na kushikamana na ukuta wake. Pampu ya oili ilikuwa imeziibwa zamani. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa anachanganya oili kwenye tanki la petroli kwa kukadiria kwa jicho, na ile oili iliyojaa kwenye kikopo ilikuwa pambo tu. Muuzaji hakuniambia, na mimi na shahada yangu sikuuliza. Nililipa kuchonga silinda, pistoni kubwa zaidi na ringi zake, nikakosa wiki tatu za msimu wa mpunga. Wale wawili walionipa fedha zao walinisubiri, lakini mwaka uliofuata walimpa mtu mwingine.

Nimesimulia hayo kwa sababu mteremko wetu una ubaya wake kwa injini za aina hiyo, hata kama pampu ni nzima. Uwanda wa Ufipa upo mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na bonde lipo karibu mita 800. Ni kushuka kilomita nzima kwa wima. Dereva anapofunga mafuta na kuiacha injini izunguke kwa nguvu ya mteremko, petroli haiingii, na oili ambayo hufuata mafuta nayo hupungua, ilhali pistoni inakimbia. Anayeshuka na pikipiki ya mipigo miwili inampasa kufungua mafuta kidogo kila baada ya muda na kutumia breki zaidi kuliko gia. Injini ya mipigo minne, kama ya Honda XL au Yamaha AG200, ina oili yake chini na haina shida hiyo. Tena hukusaidia kufunga mwendo.

Urefu huo wa nchi una jambo jingine. Hewa ya Ufipa ni nyepesi, na injini isiyo na kifaa cha kuisukuma hewa hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Pikipiki ya cc 125 inayojitapa kwenye kitabu chake, hapa Pito tayari imepungukiwa na karibu sehemu moja ya tano au ya sita ya nguvu. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam hapa itamwaga petroli nyingi kuliko hewa, na plagi itakuwa nyeusi kama masizi. Fundi wa hapa akiipunguzia mafuta ili ikimbie vizuri, kisha ukashuka nayo bondeni kwenye joto, itachoma kwa ukavu na kupata moto kupita kiasi. Kwa hiyo mwambie fundi wako unakwenda wapi, na asiikamue sana. Kwa anayebeba mzigo, mimi naona cc 175 hadi 200 ndicho kipimo cha chini cha kupandia Lyamba lya Mfipa bila kuitesa.

Tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo watu hudanganyika na bei ya kununulia. Tuchukue mfano. Pikipiki ya mipigo miwili inauzwa kwa bei pungufu ya shilingi 500,000 kuliko ya mipigo minne. Tuseme ya kwanza inakwenda kilomita 25 kwa lita na ya pili kilomita 40. Mfanyabiashara anatembea kilomita 1,000 kwa mwezi kwa miezi mitano ya msimu, yaani kilomita 5,000. Ya kwanza itakunywa lita 200, ya pili lita 125. Tofauti ni lita 75, na tukiweka lita moja shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi, hiyo ni shilingi 225,000. Ya kwanza itachoma pia lita 6 na nusu hivi za oili. Ya pili itabadilishiwa oili mara tatu, lita moja moja. Kama lita ya oili ni shilingi 10,000, ya kwanza imekuzidishia shilingi 35,000 nyingine. Jumla ni shilingi 260,000 kwa msimu mmoja. Ule unafuu wa 500,000 umekwisha kabla msimu wa pili haujafika mwisho, na hatujazungumzia pistoni.

Tena kuna suala la tanki. Baadhi ya pikipiki hizi zina tanki la lita 7 tu. Kwa kilomita 25 kwa lita, utaishiwa baada ya kilomita 175, yaani huwezi kwenda Kasanga na kurudi Sumbawanga bila kununua petroli ya chupa njiani, na petroli ya chupa sote tunajua inavyochanganywa na mafuta ya taa.

Unapokwenda kuiangalia, nenda asubuhi na usimpe muuzaji taarifa ya saa. Weka kiganja kwenye injini kabla ya jambo lingine lolote. Ikiwa ya moto, mwenyewe ameiwasha kabla hujafika ili ikubali kiki moja mbele yako. Subiri ipoe, hata kama ni saa nzima, kisha uiwashe wewe mwenyewe. Kiki ikishuka laini bila kukupinga, mgandamizo wa silinda umekwisha. Moshi wa buluu kwenye injini ya mipigo minne ni oili inayoungua. Kwenye ya mipigo miwili moshi kidogo ni kawaida, lakini ikiwa mngurumo wake unapanda wenyewe wakati hujagusa mafuta, sili za shafti zinavuta hewa, na hiyo ni kazi ya kufungua injini yote. Na ile pampu, usiulize kama inafanya kazi. Weka alama ya kalamu kwenye kikopo cha oili, omba kuitembeza kilomita 50, uone kama oili imeshuka. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

Mita ya kilomita usiiamini. Keble yake hukatika, watu huiacha miaka miwili. Tazama mpira wa pedali za miguu na meno ya sproketi. Pedali iliyolika hadi chuma huku mita ikionyesha kilomita 9,000 ni ushahidi wa kutosha.

Halafu inua kiti. Hapa ndipo pikipiki za kwetu hufia. Fremu ya nyuma ya DT au XL ilitengenezwa kubeba watu wawili na mkoba, si gunia. Gunia la mahindi la kilo 100 na dereva wa kilo 70 ni kilo 170, na pikipiki yenyewe ina kilo 110 hadi 130 tu. Angalia chini ya kiti na pale shokapu zinaposhikiliwa, utafute nyufa na alama za kuchomelea, hasa rangi mpya mahali pamoja wakati pengine pote ni pa zamani. Yamaha AG na Honda CTX200 ziliundwa kwa ajili ya mashamba, zina kichanja cha mzigo kilichofungwa kiwandani, na kwa mfanyabiashara wa mazao ndizo ningezitafuta kwanza ingawa hazipendezi machoni mwa vijana. Hata hizo ningezipakia kilo 50 na kurudi mara ya pili.

Usukani uuzungushe pole pole huku gurudumu la mbele limeinuliwa. Ukikwama kidogo pale katikati, beringi zake zimechimbika. Spoki zigonge moja moja kwa spana, iliyolegea hulia tofauti na wenzake. Kabla ya kutoa fedha, pita kwenye maduka ya vipuri mjini uulize pistoni na ringi, sahani za klachi na tairi ya inchi 21 ya aina hiyo hiyo. Tairi ya mbele mimi mara nyingi nimeiagiza Mbeya. Siku hizi mtu huweza kutuma fedha kwa simu Kariakoo na kipuri kikaja kwa basi, lakini pikipiki inayosubiri kipuri mwezi Julai haikuletei kitu.

Karatasi ni sehemu inayowaumiza watu kuliko injini. Namba zinazoanza na SM ni mali ya halmashauri, na DFP ni za miradi ya wafadhili. Mali ya umma huuzwa kwa mnada au zabuni, na mnunuzi hupewa stakabadhi. Ofisa hana mamlaka ya kukuuzia mkononi, hata kama ameiendesha miaka kumi na anaapa kuwa ameachiwa. Iliyoingizwa nchini kwa msamaha wa kodi hudaiwa kodi hiyo inapohamia kwa mtu asiye na msamaha, na kama muuzaji hajailipa, deni litakukuta wewe kwenye ofisi ya TRA siku unapotaka kubadilisha jina. Linganisha namba ya fremu na ya injini na zile za kwenye kadi, kwa macho yako, na ukikuta mahali pamepigwa tupa, ondoka. Tahadhari hii itakuwa na kazi zaidi miaka ijayo, kwa kuwa mwaka 2022 Serikali ilianza kugawa pikipiki kwa maofisa ugani nchi nzima, na siku moja hizo nazo zitachoka na kutafutiwa wanunuzi.

Lini ununue? Wengi hununua Julai na Agosti, wakishauza mahindi, wakati kila kijana ana fedha na bei zimepanda. Anayeweza kuzuia magunia machache ya maharage na kuyauza Januari atakutana na hali tofauti. Mwezi huo kuna ada za shule na mbolea ya kukuzia, na wenye pikipiki huanza kuzitoa uani kuzionyesha. Tena barabara zina matope, unaweza kuijaribu mahali utakapoitumia. Hii niliyo nayo sasa, ya mipigo minne, niliipata mwishoni mwa Januari kutoka kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihama. Siku ya kwanza tuliipandisha mlima pamoja, yeye mbele na mimi nyuma, kisha tukabadilishana.