Jina la Nani Katika Daftari?

Katika kaya nyingi za Makandana na kwingineko wilayani Rungwe, mume na mke huchuma chai pamoja, lakini malipo hutoka kwa jina moja. Jambo hili linastahili kujadiliwa na vyama vyetu.

Wapo wanaosema kuwa shamba ni la ukoo, hivyo jina liwe la mume. Hoja hiyo isidharauliwe. Hata hivyo, ifahamike kuwa uanachama si umilikaji wa ardhi. Chama humlipa aliyeandikwa. Mume akifariki, mjane ambaye hakuandikwa wala kuteuliwa kuwa mrithi wa hisa hujikuta hana kura, na malipo yaliyosalia huyadai kwa taabu.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimpa mke haki ya kumiliki mali, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikampa haki sawa katika ardhi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sembuse kazi ya shambani?

Makatibu wanashauriwa kuliweka suala hili katika ajenda, kuwasikiliza wazee na akina mama kwa usawa, na kuandika hoja zote katika muhtasari. Mkutano uamue utaratibu wa kuandikisha. Haki ya mwanamke kujiunga haipigiwi kura. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jasho ni mali.