Kiduha

Kiduha (wingi: viduha) ni mmea mdogo wa jenasi Striga katika familia Orobanchaceae. Ni kidusia: mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mimea mingine, hasa nafaka, na kunyonya maji na virutubishi. Hupatikana sehemu nyingi za Tanzania, pamoja na ukanda wa Wanyamwezi na Wasukuma, ambamo imo kata ya Lusu wilayani Nzega, mkoa wa Tabora. Hushambulia mtama, mahindi, uwele, ulezi na mpunga wa nchi kavu. Jina la jenasi ni neno la Kilatini lenye maana ya mchawi, na anayeuona mtama ukinyauka katika udongo wenye unyevu ataelewa kwa nini.

Utambuzi

Ua la kiduha lina mrija mwembamba uliopinda ghafla karibu na ncha, kisha petali zilizotandazwa. Nchini Tanzania spishi tatu husumbua nafaka zaidi. Striga asiatica ni fupi, kwa kawaida sm 15-30, na maua yake ni madogo, mara nyingi mekundu. Striga hermonthica, iliyo nyingi karibu na Ziwa Viktoria, ni ndefu zaidi na ina maua makubwa ya pinki au zambarau. Striga forbesii ina majani mapana zaidi yenye meno makubwa. Rangi peke yake haitoshi, kwa sababu S. asiatica huweza pia kuwa na maua ya njano. Ni salama zaidi kuhesabu mistari ya kikombe cha ua: S. asiatica huwa nayo 10 hivi, S. hermonthica 5.

Kwa kuwa majani yake ni ya kijani, kiduha hujitengenezea sehemu ya chakula chake. Hata hivyo hakiwezi kukua bila mwenyeji.

Jinsi kinavyoota

Mbegu ni kama vumbi, zenye urefu wa takriban mm 0.3, na mmea mmoja huweza kutoa makumi ya maelfu. Hukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikiwa hai. Ili iote, mbegu huhitaji kwanza joto na unyevu kwa wiki moja au mbili, kisha kemikali kutoka kwa mzizi ulio milimita chache tu kutoka hapo. Kemikali hizo huitwa strigolaktoni. Mimea haizitoi ili kumwalika adui: huzitumia kuita kuvu rafiki wanaoisaidia kupata fosforasi. Ndiyo maana udongo uliochoka, wenye fosforasi kidogo, huwa na viduha vingi zaidi.

Mche usiopata mzizi hufa katika siku chache. Ukiupata, huishi chini ya ardhi kwa wiki kadhaa kabla ya kuchomoza, na hasara kubwa hufanyika wakati huo. Palizi ya kawaida basi huchelewa kuokoa mazao ya msimu huo, ingawa kung'oa kabla mbegu hazijakomaa huokoa misimu ijayo. Viduha vilivyong'olewa vikiwa na maua vichomwe, visiachwe kando ya shamba.

Kuotesha na kudhibiti

Watafiti hukiotesha kwa makusudi katika vyungu pamoja na mtama, ili kupima aina zinazostahimili. Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia anayefanya kazi Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, aliendeleza mtama unaotoa kichocheo kidogo. Aina mbili za mtama kinzani, Hakika na Wahi, ziliidhinishwa Tanzania mwaka 2002. Ejeta alipata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009. Nje ya maabara hakifai kupandwa hata kwa urembo.

Mkulima naye anaweza kukiotesha, lakini kwa hila. Pamba, karanga, kunde na alizeti huamsha mbegu za viduha vya nafaka bila kuwa wenyeji wao, nazo hufa kwa njaa. Marekani, ambako S. asiatica iligunduliwa mwaka 1956, gesi ya ethilini iliingizwa ardhini kwa lengo hilohilo. Nchini Kenya kituo cha utafiti cha ICIPE kimeeneza mbinu ya vuta-sukuma, ambayo hupanda desmodi kati ya mistari ya mahindi. Samadi husaidia pia. Kunde hata hivyo zina adui zao, Striga gesnerioides na Alectra vogelii, hivyo zisirudiwe kila mwaka katika shamba lilelile.