Gari la Rimoti: Uliza Spea Kwanza, Lipa Baadaye

Kila mwaka Safari Rally ikikaribia, simu zetu hujaa video za magari yakipasua vumbi la Naivasha. Tangu mbio hizo zirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, watoto wengi wamepata hamu ya kuendesha, na tuseme ukweli, hata baba zao na mama zao. Gari la kweli la mashindano hatulifikii. La rimoti linafikika.

Mwenzetu mmoja hapa ofisini alimnunulia kijana wake gari la rimoti mwaka jana. Kwenye picha lilikuwa poa sana: matairi makubwa, springi nne, rangi ya moto. Siku ya nne liligonga ukingo wa barabara na kipande kinachoshika gurudumu la mbele kikavunjika. Kipande chenyewe ni kidogo kuliko kidole gumba. Alizunguka maduka ya mjini kwa wiki mbili bila kukipata. Aliyemuuzia alimjibu tu, "Nunua lingine." Basi gari zima likaishia juu ya kabati kwa sababu ya kipande cha plastiki.

Pesa ilishaenda, na hakukuwa na kosa lolote kwenye malipo. Kosa lilitokea kabla ya kulipa: hakuuliza spea. Kwa hivyo leo tunaongea kuhusu jinsi ya kuchagua gari la rimoti la kuanzia, hasa aina ya bagi, na jinsi ya kulilipia bila kulia baadaye.

Bagi ni gari gani?

Bagi ni gari dogo, la chini, lenye magurudumu yaliyotokeza nje ya bodi. Limeundwa kukimbia kwenye udongo, nyasi fupi na vumbi. Kwa kuwa liko chini, halipinduki ovyo kwenye kona kama yale magari marefu yenye matairi makubwa. Ndiyo maana watu wengi duniani huanza na bagi, iwe ni kwa kujiburudisha au kwa mashindano.

Kuna la kuchezea, na kuna la kurekebishika

Kwenye picha haya mawili yanafanana kabisa, lakini ni vitu viwili tofauti.

Gari la kuchezea huwa limefungwa kama redio ndogo. Mota, risiva na waya vimeunganishwa kwenye kibao kimoja. Kitu kimoja kikiungua, vyote vimekwisha. Usukani wake mara nyingi una hali tatu tu: kushoto kabisa, katikati na kulia kabisa.

Gari la kurekebishika kila kitu chake kiko peke yake. Mota inafunguliwa kwa skrubu. Gia zinabadilishwa. Usukani unafuata kidole chako: ukigeuza kidogo, nalo linageuka kidogo. La muhimu zaidi, kampuni iliyolitengeneza inauza vipande vyake kimoja kimoja, na kila kipande kina namba yake.

Hapo ndipo jaribio letu la kwanza lilipo. Kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji maswali haya matatu:

- Namba ya modeli ya gari hili ni ipi?
- Mkono wa mbele ukivunjika, nitaupata wapi na kwa shilingi ngapi?
- Gia na betri za modeli hii unazo sasa hivi?

Asipojua namba ya modeli, jua kwamba hata spea hutapata. Kuuliza si ujinga. Hata fundi wa matatu huuliza modeli kabla ya kwenda kutafuta kipande.

Utaliendeshea wapi?

Watu wengi huuliza "linakimbia kiasi gani?" Swali bora ni "nina nafasi kiasi gani?"

Kama uwanja wako ni maegesho ya ploti au kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, gari la ukubwa wa 1/18 au 1/16 linatosha. Maana ya 1/18 ni kwamba ni dogo mara kumi na nane kuliko gari halisi. Kama una uwanja wa shule au barabara ya murram isiyo na magari, 1/14 au 1/10 litakufaa zaidi, kwa sababu magurudumu makubwa hayakwami kwenye kila kokoto.

Kasi nayo ina bei yake. Chukua mfano wa WLtoys 144001, bagi ya Kichina ya ukubwa wa 1/14 inayojulikana sana na wanaoanza. Kampuni yenyewe inaitaja kuwa inafika kilomita 60 kwa saa. Kwenye ploti yenye watoto wanaocheza, hiyo si burudani, ni hatari. Tafuta gari lenye rimoti inayoweza kupunguza nguvu, mpe mtoto kwa nguvu ndogo kwanza, na usiliendeshe kabisa kwenye barabara ya magari.

Magurudumu mawili au manne?

Bagi nyingine husukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Nyingine husukumwa na yote manne.

La mawili lina vipande vichache, kwa hivyo vya kuharibika pia ni vichache. Ila kwenye vumbi jepesi mkia huteleza, na mwanzoni utazunguka kama pia. Ukilizoea, linakufundisha kuwa mpole na mafuta, yaani kile kidude cha kuongeza mwendo.

La manne linashika ardhi vizuri na linamsamehe anayejifunza. Lakini lina difu mbele na nyuma, na kazi ya kulisafisha ni kubwa zaidi. Kwa mtoto anayeanza kwenye murram, tungechukua la manne. Kwa mtu mzima anayetaka kujifunza kuendesha na kufungua gari mwenyewe, la mawili ni mwalimu mzuri.

Tayari kuendesha, au la kuunganisha mwenyewe?

Bagi ya tayari inatoka kwenye boksi na rimoti yake. Unachaji, unaendesha. Hii inawafaa wengi.

Bagi ya kuunganisha inakuja kama vipande na kitabu cha michoro. Kampuni ya Tamiya ya Japani inajulikana kwa hizi. Bagi yake iitwayo Grasshopper ilitoka mwaka 1984, na baadaye ikatolewa tena baada ya miaka mingi, kwa sababu ni rahisi kuunganisha na watu bado wanaipenda. Uzuri wake ni kwamba ukishaiunganisha mwenyewe, kikivunjika kitu unajua pa kuanzia.

Lakini soma boksi kwa makini! Bagi nyingi za kuunganisha haziji na rimoti, betri wala chaja. Bei uliyoiona inaweza kuwa ya gari lisiloweza kusonga hata hatua moja.

Betri: hapa usikimbie

Betri ya kawaida hukupa takriban dakika kumi hadi ishirini za kuendesha. Ndiyo maana kila mtu huishia kutaka betri ya pili. Kuna aina mbili kuu:

- NiMH. Ni nzito kidogo lakini ni mvumilivu. Inamfaa anayeanza.
- LiPo. Ni nyepesi na ina nguvu, ila haitaki mchezo. Kila seli moja isizidi volti 4.2 ikiwa imejaa, na isishuke chini ya volti 3. Betri ya seli mbili huandikwa volti 7.4.

LiPo ichajiwe na chaja yake maalum, juu ya sakafu ya simiti au kigae, na wewe ukiwepo. Usiichaji usiku ukiwa umelala. Ikitoka kwenye gari ikiwa moto, iache ipoe kwanza. Ikivimba, kazi yake imeisha, hata kama bado inaendesha gari. Usiitoboe, na usiitupe kwenye takataka zinazochomwa.

Angalia pia plagi. Chaja zinazotoka nje mara nyingi huja na plagi isiyoingia kwenye soketi zetu za matundu matatu. Uliza mapema kama kuna adapta.

Na kama unataka kushindana?

Usinunue gari la mashindano kabla ya kuwaona watu wa kushindana nao. Mashindano hugawanywa kwa makundi. Katika ubingwa wa dunia wa bagi za umeme za 1/10, kwa mfano, magari ya magurudumu mawili yana mbio zao na ya manne yana zao. Ukinunua 1/14 halafu wenzako wote wana 1/10, utabaki kuwa mtazamaji.

Kwa hivyo nenda kwanza uangalie. Uliza wanaendesha nini, kisha nunua kinachofanana. Hapo unapata faida nyingine kubwa: gari lako likivunjika, jirani ana spea na anajua kulifungua.

Kama mko marafiki wanne au watano tu mtaani, anzeni na modeli moja nyote. Wekeni chupa za maji kama alama za kona, mpange mizunguko kumi. Magari yakifanana, anayeshinda ni anayejua kuendesha. Mnaweza hata kuchangia spea kama chama kidogo.

Piga hesabu nzima

Bei ya gari si bei ya kuendesha gari. Tuseme umeweka kando Sh15,000. Hizi ni namba za mfano tu, ili uone mgawanyo:

- Gari lenyewe: Sh10,000
- Betri ya pili: Sh1,500
- Spea za mwanzo (mikono ya mbele, gia, skrubu): Sh1,500
- Usafiri: Sh500
- Akiba ya matengenezo: Sh1,500

Maana yake, mwenye Sh15,000 anatafuta gari la Sh10,000, si la Sh15,000. Ukitumia yote kwenye gari, kipande cha kwanza kikivunjika umekwama.

Kama unaagiza nje ya nchi, ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine. Uliza pia kuhusu betri, maana wasafirishaji wengi wa ndege hukataa betri za lithiamu zinazotumwa peke yake. Gari linaweza kufika bila betri.

Na tafadhali, usichukue mkopo wa simu kununua gari la kuchezea. Weka Sh100 kila siku na baada ya siku 150 una Sh15,000 zako, bila riba na bila kukosa usingizi. Mshirikishe mtoto kwenye hesabu hiyo. Atalitunza gari vizuri zaidi akijua lilivyopatikana.

Sasa, jinsi ya kulipa

Ukishachagua, fuata hatua hizi:

1. Ona likiendeshwa. Kama muuzaji yuko mbali, mwombe video ya gari likigeuka kushoto na kulia, na karatasi yenye jina lako pembeni. Picha nzuri yeyote anaweza kuiba mtandaoni.
2. Jihadhari na "tuma nusu nikushikie." Muuzaji akikuharakisha kwamba kuna mtu mwingine njiani, mwambie amuuzie huyo mtu.
3. Lipia baada ya kulipokea na kulijaribu, ikiwezekana dukani au mahali penye watu.
4. Lipa kwa Till au Paybill ya biashara, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Kama duka linaitwa hivi na jina linalotokea ni lingine kabisa, simama hapo na uulize.
5. Usifute ujumbe wa malipo. Omba risiti yenye namba ya modeli. Ukirudi na tatizo, hiyo ndiyo silaha yako.
6. Ukikosea namba, piga huduma kwa wateja papo hapo. Pesa ikishatolewa na aliyeipokea, kuirudisha ni kazi ngumu.

Unanunua la mitumba? Tikisa kila gurudumu uone kama limelegea. Lisikilize likitembea: sauti ya kusaga maana yake gia zimelika. Tazama betri kama imevimba. Na kama wewe ndiwe unayeuza la zamani, usimpe mtu gari kwa kuonyeshwa SMS. Angalia salio lako mwenyewe kwanza.

Kijana wa mwenzetu ana gari lingine sasa. Si kubwa kama la kwanza na halina rangi ya moto. Lilishavunjika mkono mara mbili, na mara zote mbili alilifungua mwenyewe mezani na kulirudisha murram siku hiyo hiyo. Spea zilikuwa kwenye mfuko mdogo wa plastiki, zimenunuliwa siku moja na gari.

Nunua kwa utulivu, lipa kwa usalama. Na kumbuka: hatutawahi kukupigia simu kuuliza PIN yako. Anayeiuliza, mkatie simu.