Nuru ya Macho: Dalili Tusizozifunika kwa Neno "Uzee"

Katika nyumba zetu nyingi yumo babu ambaye siku hizi husoma Msahafu akiwa ameuweka mbali na uso, na bibi ambaye humwita mjukuu kila mara amtungie uzi kwenye sindano. Yumo mama ambaye chai humfurika kwa kutouona ukingo wa kikombe, na baba ambaye hujikwaa kwenye kizingiti alichokivuka maisha yake yote. Tunapoyaona haya tunatabasamu na kusema, "Uzee huo," kisha tunaendelea na shughuli zetu.

Wiki hii tungependa kuwakumbusha ndugu zetu, na hasa akina mama ambao ndio wa kwanza kuyatambua mabadiliko ya watu wa nyumbani, kwamba neno hilo "uzee" hufunika mambo yaliyo mbalimbali kabisa. Moja huhitaji miwani tu. La pili huondolewa kwa upasuaji na nuru ikarejea. Lakini yapo mengine ambayo nuru yanayoichukua hairudi tena, na kinachowezekana ni kuilinda iliyobaki. Ndiyo maana yatupasa kuzijua dalili mapema.

Uzee wa kweli, na mtoto wa jicho

Mtu afikapo umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kukakamaa, akashindwa kuona vizuri maandishi ya karibu. Huu ndio uzee wa kweli wa macho, na dawa yake ni miwani ya kusomea. Hata hivyo, ni vyema apimwe kwanza, asinunue miwani yoyote aionayo sokoni, kwani huo ni wasaa mzuri wa kugundua maradhi mengine yaliyojificha.

Mtoto wa jicho ni jambo jingine. Hapa lenzi yenyewe huingiwa na ukungu taratibu, pasipo maumivu. Mgonjwa huona kana kwamba anatazama kupitia kioo chenye vumbi. Jua la barazani humtia kiwi, taa za magari usiku humsumbua, na rangi za kanga alizozizoea humfifilia. Wakati mwingine mboni huonekana kuwa na weupe. Hakuna tone la dawa wala mitishamba iwezayo kuuyeyusha ukungu huo. Tiba yake ni upasuaji, ambao aghalabu hauchukui hata saa moja, na lenzi ya bandia huwekwa mahali pa ile iliyoharibika. Jambo hili si geni katika historia yetu: yapata mwaka 1000, tabibu Ammar bin Ali, mzaliwa wa Mosul aliyefanya kazi Misri, alieleza namna ya kuufyonza ukungu wa jicho kwa sindano yenye tundu. Basi tusimwache mzazi wetu akae kipofu kwa miaka kwa hofu ya kisu.

Ugonjwa usio na kishindo

Ugonjwa tunaouhofia zaidi ni glakoma, ambao wengi huuita presha ya macho. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka wakati wote. Njia ya kutokea ikizibana, shinikizo hupanda na kuuharibu mshipa wa fahamu unaoliunganisha jicho na ubongo. Aghalabu hakuna maumivu wala wekundu. Nuru huanza kupotea pembeni, huku ile ya katikati ikibaki safi, kwa hiyo mgonjwa husoma vizuri lakini hugonga miimo ya milango na kuwapita watu waliosimama ubavuni mwake bila kuwaona. Nuru iliyokwisha kupotea hairudi.

Watu wa asili ya Kiafrika hupatwa na glakoma zaidi, na katika umri mdogo zaidi, kuliko wengine wengi. Nayo hufuata damu: mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua yumo hatarini zaidi. Aliyefika miaka 40 na ana jamaa wa namna hiyo asingoje dalili, bali aende kupimwa.

Mgonjwa wa glakoma huhitaji matone ya dawa kila siku, nao wapo wanaoyaacha mchana wa Ramadhani kwa kuchelea kufungua. Tunawanasihi wasifanye hivyo. Wanachuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu hapa pwani tunayafuata, wameeleza kwamba wanja machoni haubatilishi saumu, kwani jicho si tundu lililo wazi kuelekea tumboni. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Jiddah mwaka 1997, nalo liliyahesabu matone ya macho miongoni mwa mambo yasiyofunguza, maadamu mtu hamezi kwa kusudi kinachofika kooni. Akishatia dawa, afumbe jicho na aibonyeze pembe iliyo karibu na pua kwa dakika mbili hivi, ili dawa isishuke kooni.

Kisukari na macho

Sukari inapokaa juu kwa miaka, huidhoofisha mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho. Mwanzoni mgonjwa haoni tofauti yoyote. Madoa meusi yanayoelea, ukungu unaokuja na kwenda, au nuru kukatika ghafla ni dalili zinazochelewa. Kwa hiyo kila mwenye kisukari yampasa kuchunguzwa ndani ya macho mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vyema.

Watoto wetu

Mtoto hajui kwamba haoni, kwa kuwa hajapata kuona vinginevyo. Anayeinamia juzuu hadi pua ikaribie kuigusa, au anayenakili makosa kutoka ubaoni, huenda si mvivu wala mtukutu. Apimwe macho kabla ya kukaripiwa. Makengeza yanayoendelea baada ya miezi sita yasisubiriwe yapone yenyewe, maana ubongo huweza kulizoea jicho moja na kulipuuza jingine. Na mama akiona weupe ndani ya mboni ya mtoto, pengine katika picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera, ampeleke hospitali bila kuchelewa: huenda ikawa saratani ya jicho, ambayo ikiwahiwa hutibika.

Mtoto mchanga ambaye macho yamevimba na kutoa usaha katika wiki zake nne za mwanzo naye apelekwe siku hiyo hiyo. Asitiwe maziwa ya mama wala kitu kingine. Kuhusu wanja, twajua ni pambo letu la jadi, lakini baadhi ya wanja unaouzwa una madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Tumwepushie.

Macho mekundu

Mwanzoni mwa mwaka 2024 macho mekundu yalienea hapa pwani, na wengi walijifunza kwamba maradhi hayo huambukiza kwa mikono, taulo na mito. Ya namna hiyo huwasha, hutoa machozi na utongo, na kwa kawaida hupoa ndani ya wiki moja au mbili. Lakini wekundu ulioambatana na maumivu makali, nuru kufifia, kuchukia mwanga au kutapika si wa kungojea hata siku moja. Aliyeingiwa na chokaa au dawa ya kusafishia aoshwe jicho papo hapo kwa maji safi mengi, kwa muda usiopungua robo saa, ndipo apelekwe hospitali. Na matone ya steroidi yasinunuliwe dukani bila agizo la daktari: hutuliza mwasho, lakini yakitumiwa kwa muda huweza kuleta glakoma na mtoto wa jicho.

Kipimo cha nyumbani

Jicho zima humsitiri mwenzake, ndiyo maana mtu huweza kupoteza nuru ya jicho moja asijue. Basi Ijumaa hii, baada ya chakula cha mchana, tukae na wazee na watoto wetu mbele ya kalenda ya ukutani. Kila mmoja, akiwa na miwani yake kama anayo, afunike jicho moja kwa kiganja asome, kisha afunike la pili. Atakayeona tofauti kati ya macho mawili, apelekwe kwenye kliniki ya macho wiki hiyo hiyo. Hata hivyo, kipimo hiki hakigundui glakoma inayoanzia pembeni, kwa hiyo kisitufanye tuache kwenda kwa daktari.

Wazazi wetu walitushika mkono tulipokuwa hatujui njia. Kuwapeleka wapimwe macho mapema ni sehemu ya wema tulioamrishwa kuwatendea. Mwenyezi Mungu atuhifadhie nuru ya macho na ya nyoyo. Amin.