Mchwa, Adui Aliye Ndani ya Nyumba

Askari wengi wa jeshi na wa polisi hapa Uganda hujenga nyumba zao kijijini likizo kwa likizo. Likizo moja huwekwa msingi, nyingine huinuliwa kuta, na baada ya miaka kadhaa mabati hupanda juu. Nyumba hiyo ndiyo akiba ya uzeeni na makao ya watoto. Lakini mwenye nyumba akiwa kazini Moroto au Arua, mchwa huweza kuila kimyakimya, hata paa likawaangukia wale waliojengewa. Kwa hiyo twawakumbusha ndugu zetu kwamba nyumba, kama ghala la silaha, hailindwi kwa kufuli peke yake. Hulindwa kwa kukaguliwa.

Mchwa hupenda giza na unyevu. Hula moyo wa ubao na kuacha uso wake ukiwa mzima, hata mtazamaji adhani hakuna lililoharibika. Katika jamii yao wamo askari na wafanyakazi. Askari wana taya kubwa za kupigania kichuguu, lakini hawawezi kujilisha wenyewe, hulishwa. Mwenye kuila boriti ni mfanyakazi, mdogo na laini, ambaye huonekana nje kwa nadra.

Mkaguzi achukue tochi na bisibisi. Aanze nje, auzunguke msingi wote akitafuta vijia vya udongo, vyembamba kama penseli, vinavyopanda ukutani. Akikiona kimoja, abomoe kipande chake, kisha arudi baada ya siku chache. Kikiwa kimezibwa upya, mchwa wamo kazini. Ndani, agonge miimo ya milango na fremu za madirisha. Sauti ikiwa ya uwazi, au bisibisi ikizama kwa urahisi, ubao umekwisha liwa. Halafu apande darini, azitazame boriti. Vitundu vidogo vya mviringo vyenye unga laini chini yake ni kazi ya wadudu watoboao mbao. Ubao uliolainika na kukatikakatika umeshikwa na ukuvu. Hapo paa au bomba linalovuja litengenezwe kwanza.

Kumbikumbi wa kichuguuni ni kitoweo tunachokishangilia mvua zinyeshapo. Lakini wakitoka ukutani, au mabawa yao yakikutwa yamelundikana dirishani, hiyo ni ishara ya hatari.

Kinga haina gharama kubwa. Kuni zisiegemezwe ukutani, wala mbao zisigusane na udongo. Mvule hustahimili, msonobari usiotiwa dawa huliwa upesi. Nguzo iliyotiwa dawa ikikatwa, ncha iliyokatwa ipakwe dawa tena, na vipande vyake visipikiwe chakula kamwe, kwa maana moshi na majivu yake huweza kuwa na sumu. Tusinunue sumu isiyo na jina sokoni. Dieldrin, iliyotumiwa zamani kuua mchwa, ilipigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa kuwa hudumu miaka mingi ardhini na kuingia miilini mwa watu.

Ukaguzi huu ufanywe walau mara mbili kwa mwaka, hasa mvua zianzapo. Asiyepata likizo amweleze mwenzake aliye nyumbani namna ya kukagua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mshahara wa kujengea mara ya pili ni wachache walio nao.