Mnyauko wa migomba: Kata mmoja, acha iliyobaki

Kwa aliye mbali, jina la Omate ni dhahabu. Lakini katika vilima vya Masisi na vijiji vya Walikale, nyumba nyingi zinalishwa na mgomba: ndizi za kupika, za kupeleka sokoni na za kutengeneza kasiksi. Ugonjwa unaoiua migomba hiyo hauna dawa ya dukani. Kinachouzuia ni panga, moto na kutochoka.

Mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi mwaka 2001, mwaka uleule uliogunduliwa Uganda. Kabla ya hapo ulijulikana Ethiopia tu. Baadaye ulifika Rwanda, ambako unaitwa kirabiranya, na mwaka 2006 ukaingia Kagera, Tanzania. Majani hugeuka manjano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ndizi huiva kabla ya wakati, na ukizipasua ndani ni kahawia. Ukikata mgomba, baada ya dakika chache hutoka utomvu wa manjano.

Kwa miaka mingi wakulima waliambiwa wang'oe kichaka kizima, mama na machipukizi yake yote. Ni kazi ya jembe ya kuvunja mgongo, na inaacha nyumba bila chakula. Wengi hawakuifanya, na sioni wa kuwalaumu.

Majaribio yaliyofanywa mashariki mwa Kongo yalionyesha njia nyepesi zaidi. Bakteria hawaingii katika kila chipukizi la kichaka. Kwa hiyo unakata usawa wa ardhi ule mgomba wenye dalili peke yake, bila kuchimba, na mingine unaiacha izae. Shamba linapopitiwa bila kuruka wiki, migomba yenye ugonjwa hushuka chini ya asilimia 2 ndani ya miezi mitatu.

Panga ndilo msambazaji mkubwa, hasa lile la kuazima. Baada ya kila kichaka lipitishwe kwenye moto hadi lisishikike, au lioshwe kwa maji ya javel. Nyuki na inzi nao hubeba bakteria kutoka kwenye ua dume, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Livunje mara tu kichana cha mwisho kinapotokea, kwa mti wenye panda na si kwa kisu. Mbuzi na ng'ombe wasiachwe kula mabaki ya mgomba mgonjwa. Kwa Masisi, nchi ya malisho, hilo si jambo dogo.

Njia hii inadai mwenye shamba awepo. Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Masisi-centre, na Machi wakaingia Walikale-centre, ambako waliondoka mwezi uliofuata. Watu walikimbia. Hakuna anayevunja ua dume akiwa kambini, na shamba lililokaa miezi bila kupitiwa huwa limeambukizana lenyewe.

Anayerudi aanze kwa kukata kila mgomba wenye dalili, kisha apite tena kila wiki. Pale kichaka kizima kilipokufa, machipukizi ya kupanda upya yatoke kwenye shamba lisilo na mnyauko. Kama majirani wote nao walikuwa wamekimbia, shamba la namna hiyo linaweza kuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu.